Breki Hazifeli, Zinafelishwa

Haya wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Gari dogo likitumbukia korongoni tunaambiwa chanzo ni "kufeli kwa breki", habari inaishia hapo. Polisi wanasema, waandishi wenzangu wanaandika, msomaji anasikitika na kufungua ukurasa wa michezo. Utadhani breki ni kama mvua, zinaamua zenyewe siku ya kugoma. Hakuna anayeuliza kiswali kimoja tu: oili ya breki ilibadilishwa lini?

Muulize jirani yako mwenye gari. Oili ya injini atakutajia mpaka kilomita. Oili ya breki? "Aah, fundi huwa anaongeza." Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Kuongeza si kubadilisha! Oili hii haiungui kama petroli. Ikishuka kwenye kichupa chake, ama pedi zimelika ama kuna mahali inavuja. Yote mawili yanataka kuangaliwa, si kumiminiwa nyingine juu yake.

Tatizo lenyewe ni maji. DOT 3 na DOT 4, ambazo ndizo wengi wetu tunatumia, zinanyonya unyevu wa hewani. Hata kifuniko kikiwa kimekazwa, unyevu unapenya polepole, hasa kwenye mipira ya breki. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishakunywa maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka mpaka 140. DOT 4 inatoka 230 mpaka 155.

Sasa teremka Kitonga, au ile barabara ya Lushoto kuja Mombo, mguu uko kwenye breki muda wote. Joto la diski linaingia kwenye oili, maji yanageuka mvuke. Oili haibonyei, mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inakwenda mpaka sakafuni, gari halina habari na wewe. Na ubaya wake ni huu: ukibahatika kusimama, vyuma vikapoa, breki zinarudi. Fundi anazijaribu kwenye uwanja wa gereji, anakwambia "mbona ziko safi bosi?"

Kinachouma zaidi ni kwamba magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Kule gari la binafsi linakaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2, na ni desturi ya gereji zao kubadilisha oili ya breki wakati huo. Likishuka bandarini Dar desturi inabaki melini. Tumelileta kwenye joto na unyevu wa pwani, na ndiyo kwanza tunaacha!

Mara ngapi basi? BMW wanasema kila miaka 2, Honda kila miaka 3, hata kama gari linalala tu uani. Maji hayahesabu kilomita. Kwa anayeishi Dar, Tanga au Mombasa mimi nasema miaka 2, bila mjadala. Anayekwambia ubadilishe kila ukimwaga oili ya injini anatafuta hela yako, mkatalie. Na rangi isikudanganye. Ikiwa nyeusi imezeeka kweli, lakini hata nyeupe inaweza kuwa na maji. Kuna kipimo kama kalamu, fundi makini anacho.

Msiniambie hela hakuna. Rimu mpya mmefunga, spika za kutikisa mtaa mmefunga. Kwa gari dogo lita moja kwa kawaida inatosha, na kopo lake halifikii bei ya kujaza tanki.

Ila simama hapo hapo fundi akifanya kazi. Kopo liwe limefungwa, si ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Asinyonye ya kwenye kichupa tu akasema tayari: aisukume ya zamani itoke kwenye magurudumu yote manne mpaka uone mpya inatiririka. Akitaka kuweka oili ya injini "kwa dharura", chukua funguo zako uondoke, itavimbisha mipira yote.

Wenye malori makubwa msinijie juu, breki zenu ni za upepo. Zamu yenu inakuja.