Bukavu: Seva nyumbani ni jambo jema, lakini nakala moja haitoshi

Kwa familia nyingi za Bukavu, hati ya kiwanja, diploma za watoto na picha za marehemu hukaa ndani ya valizi moja chini ya kitanda. Moto ukizuka Kadutu, ambako nyumba za mbao zimebanana mlimani, valizi huungua pamoja na nyumba. Kwa hiyo wazo la kuweka nakala za vitu hivyo ndani ya kompyuta ndogo ya nyumbani, seva inayohudumia simu zote za parseli, linastahili kuungwa mkono.

Faida yake inajulikana. Mwishoni mwa 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini kwa karibu wiki tatu. Aliyekuwa na faili zake zote kwenye mashine za Ulaya au Marekani hakuweza kuzifikia. Seva ya nyumbani huongea na simu kupitia Wi-Fi ya rutea, hata bila megabaiti moja. Syncthing na Nextcloud, programu za bure, hukusanya picha na hati. Kiwix humpa mwanafunzi Wikipedia ya Kifaransa bila intaneti.

Lakini mwizi, radi na moto havichagui. Anayehamisha kila kitu kwenye diski moja amebadilisha valizi tu. Nakala ziwe tatu: moja kwenye seva, nyingine kwenye diski ya pembeni, ya tatu mbali na nyumba, kwa ndugu wa mtaa mwingine au wa mji mwingine. Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, maghala yaliporwa na watu wengi wakakimbia. Saa kama hiyo hakuna anayebeba seva. Diski ndogo huingia mfukoni. Diski hiyo ifungwe kwa neno la siri, ili atakayeiokota asisome maisha ya familia.

Umeme ni kikwazo cha pili. Mabwawa ya Ruzizi yako karibu, lakini SNEL hukata, na umeme unaporudi kwa nguvu huunguza vifaa. Seva isichomekwe moja kwa moja ukutani. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi pamoja na rutea mara nyingi hutumia chini ya wati 20. Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isichakae, huziendesha kwa saa 30 hivi. Asiye na uwezo huo aanze na laptopu ya zamani ambayo batri yake bado inashika.

Mlango nao ulindwe. Kufungua rutea ili seva ionekane na dunia nzima ni kuwaita wezi ambao hutumia mashine kujaribu maneno ya siri usiku na mchana. Anayehitaji faili zake akiwa safarini atumie njia iliyofungwa, kama WireGuard. Neno la siri lililokuja na kifaa libadilishwe siku ya kwanza.

Kosa kubwa zaidi ni kumwachia kijana mmoja kila kitu. Akienda kusoma Kampala, seva inabaki sanduku lisilo na ufunguo. Maneno ya siri yaandikwe kwenye karatasi, yahifadhiwe mahali ambapo mama au baba anapajua. Na kila mwezi faili moja irudishwe kutoka kwenye nakala na kufunguliwa: nakala ambayo haijajaribiwa haiaminiki.

Picha ya hati haichukui nafasi ya hati yenyewe mbele ya hakimu. Lakini aliyepoteza nyumba akiwa na namba ya hati, tarehe na jina la ofisi iliyoitoa ana mahali pa kuanzia. Diski moja iliyowekwa kwa ndugu wiki hii ina faida kuliko seva kubwa inayosubiri pesa ya mwakani.