Mtaalamu na Sanduku Lake

Wanafunzi wenzetu,

Sisi wa darasa la sita tumebishana sana juu ya hadithi za H.P. Lovecraft, Mwamerika wa Providence (1890-1937). Wengine wanasema ni mambo ya kutisha watoto tu. Tunakataa. Anayetangulia mule ndani si mzimu, ni mtu wa vitabu.

Angalieni ile ya Cthulhu, iliyotoka katika gazeti Weird Tales mwaka 1928. Thurston anarithi makaratasi ya ndugu ya babu yake, profesa wa lugha. Hana bunduki. Anasoma, anapanga, anafuata majina. Kipande cha gazeti moja la Sydney anakiona katika jumba la makumbusho, kimetandikwa tu chini ya mawe! Anafika mpaka Oslo kutafuta maandiko ya baharia. Hii kazi tunaijua, ni ya kaye na dikisionere. Ndiyo sababu tunamwamini, na tukisha kumwamini, tunaogopa pamoja naye. (Lovecraft mwenyewe hakumaliza sekondari. Mafinalisti, musicheke.)

Lakini mwishoni Thurston anataka makaratasi yale yasisomwe tena na mtu. Sisi tunampenda zaidi Dyer, mjuzi wa mawe katika hadithi ya 1936. Yeye pia alinyamaza kwanza; aliposikia wengine wanajitayarisha kwenda Antarctica, akasema yote, hata kama watamcheka.

Sasa ile ya 1921, ya Arthur Jermyn, inatugusa, maana inakuja kwetu Kongo. Lovecraft hakukanyaga Afrika hata siku moja. Akatuwekea msituni mji wa mawe na nyani weupe! Jermyn, Mwingereza msomi, anachunguza ukoo wake, anafungua sanduku lililotoka Kongo, anaona kwamba mke wa babu wa mababu zake alikuwa nyani yule. Anajichoma moto. Msomi mzima! Barua alizipima zote, ila hofu yake mwenyewe ya damu kuchanganyika hakuipima kamwe. Wala mwandishi hakuipima, maana ilikuwa yake pia.

Tena, nani alimpa Jermyn habari za mji ule? Mzee Mwanu, chifu. Anasema maneno yake, kisha anaachwa kule kijijini, hatumsikii tena. Sisi tungetaka kusikia hadithi nzima toka kinywa chake. Anayeweza kuiandika, hata wa darasa la tatu, atuletee mbele ya juma lijalo: stensili mbili zimebaki.

Kapita wa shule, darasa la sita