Kabla Hatujapanda Basi, Tuombe Karatasi ya Alaimenti

Ukitaka kuona wanachuo wakibishana mpaka jasho liwatoke, nenda kwenye kikao cha kukodi basi la safari ya mafunzo. Tutauliza bei, tutauliza kama lina muziki, kama kiyoyozi kinafanya kazi, na kama dereva atakubali kusimama Morogoro tupate chakula. Swali la alaimenti ya magurudumu halimo. Msimamo wangu ni kwamba lingekuwa kati ya maswali ya mwanzo, na jibu lake lije kwa maandishi.

Kwanza tutenganishe alaimenti na balansi, maana wengi tunavichanganya. Balansi ni habari ya uzito. Tairi na rimu vikizidi uzito upande mmoja, gari likikolea mwendo stelingi inatetemeka, ndipo fundi anabandika vipande vidogo vya chuma kwenye rimu. Alaimenti ni habari ya pembe. Tairi linaweza kuinamia ndani au nje kama mtu mwenye matege. Mafundi wanaiita kemba. Matairi ya mbele yanaweza kutazamana au kupeana visogo, kama mtu anayetembea vidole vikiangalia ndani au nje. Halafu kuna kasta, yaani ulalo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka unapokata kona. Huo ndio unaosaidia stelingi kurudi katikati yenyewe ukimaliza kona.

Mtu atasema, milimita mbili tatu ni kitu gani? Tupige hesabu. Chukua rimu yenye kipenyo cha milimita 400. Ukingo wake wa mbele ukipotoka milimita 3 kuliko wa nyuma, gurudumu linaelekea pembeni kidogo wakati gari linakwenda mbele. Kwa kila kilomita 1 tairi hilo linaburuzwa kwenye lami kama mita 7 na nusu kwenda pembeni. Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban kilomita 450, kwa hiyo hapo tairi limeburuzwa zaidi ya kilomita 3 kiubavu. Mpira unalika upande mmoja, mafuta yanaungua bure, na siku ya mvua tairi lililokwisha makali halina cha kushikia barabara.

Sasa, mashine za kisasa zinapimaje? Kila gurudumu hufungwa bamba lenye alama, na kamera zilizo mbele ya gari husoma alama hizo. Magurudumu ya mbele hukaa juu ya sahani zinazozunguka. Fundi analisogeza gari nyuma na mbele kidogo ili kompyuta iondoe makosa yanayoletwa na rimu iliyopinda au bamba lililokaa vibaya. Kisha namba zinajitokeza kwenye skrini, kijani zikiwa ndani ya kipimo na nyekundu zikiwa nje. Ukitazama unaweza kuapa kwamba kazi imekwisha.

Haijaisha. Sisi wa ualimu tuna somo la upimaji na tathmini, na tofauti ya hayo mawili inahubiriwa humo kila wiki. Kupima kunakupa namba. Kutathmini ni kuamua namba hiyo ina maana gani na ufanye nini. Mwanafunzi akipata 35 kwenye hesabu, hiyo 35 haikwambii kama hajui sehemu, hakuelewa swali au alilala njaa. Mashine ya alaimenti ni hivyo hivyo. Inalinganisha gari na vipimo vya modeli ambayo fundi ameichagua kwenye kompyuta. Akichagua modeli isiyo yake, kijani hicho ni uongo. Gari likiwa limenyanyuliwa ili lisiguse mawe, pembe zake zimeshahama. Na kama bushi zimekwisha au ncha za rodi za stelingi zinacheza, unaweza kupata kijani asubuhi na shimo la kwanza likakurudisha kwenye nyekundu. Fundi mzuri huanza na upepo wa matairi, halafu anatikisa magurudumu kwa mikono yake, ndipo awashe mashine.

Kwa hiyo sisemi kwamba gereji isiyo na kamera ni ya kudharau. Fundi mwenye kamba iliyonyooka na futi ya kupimia anaweza kurekebisha mwelekeo wa matairi vizuri sana akiwa makini. Tena mabasi mengi makubwa yana ekseli nzima mbele, na kinachorekebishwa kwa kawaida ni huo mwelekeo, kwa kuongeza au kupunguza urefu wa rodi. Ninachokitaka ni namba za kabla na za baada, zenye tarehe, hata kama zimeandikwa kwa kalamu. Kazi isiyo na namba inabaki kuwa "amini tu, bosi", na roho za watu hamsini haziendeshwi kwa "amini tu".

Najua watakaosema kwamba breki mbovu, mwendo kasi na uchovu wa dereva ni hatari zaidi. Kweli kabisa, na hayo nayo tuyaulize. Lakini alaimenti ina faida moja kwetu abiria: inaacha ushahidi ambao hata mtu wa Fasihi anaweza kuusoma. Inama kabla hujapanda. Tairi limelika ukingo mmoja tu? Lipapase kwa kiganja: ukipeleka mkono huku linateleza na ukirudisha linakwaruza? Njiani, kwenye barabara tambarare, dereva anashikilia stelingi ikiwa imepinda ili basi liende sawa? Yote hayo ni sababu ya kuuliza.

Wengine watasema mwenye basi ataongeza bei. Huenda. Ila anayetunza matairi yake ameshalipia kazi hiyo kwa faida yake mwenyewe, kwa hiyo kutupa nakala hakumgharimu kitu. Atakayekuwa mkali kwa kuombwa karatasi ametupa jibu tayari.

Pendekezo langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni jepesi. Kwenye mkataba wa kukodi gari, ongezeni sharti moja: mwenye gari alete vipimo vya alaimenti vilivyochukuliwa ndani ya miezi mitatu, na wawakilishi wawili wakague matairi siku moja kabla ya safari, muda wa kubadilisha basi ukiwa bado upo. Safari za muhula ujao zinapangwa sasa hivi. Waziri wa Mikopo na Ustawi, kalamu unayo.