NANI AAMUE KIWANJA KIPI KIFUNGWE?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache juu ya jinsi Marekani inavyoamua viwanja vipi vya ndege vya kijeshi viendelee na vipi vifungwe. Msomaji atauliza, yanatuhusu nini? Popote panapofungwa kitu cha umma, iwe shule, zahanati au stesheni ya reli, swali huwa ni hilo hilo: nani aamue, na kwa hesabu gani?

Kiwanja cha Loring, jimbo la Maine, kilitangazwa mwaka 1976 kwamba kitapunguzwa sana. Wakubwa wa jimbo wakapiga kelele na kikanusurika. Mwaka 1977 Bunge la huko likaweka sheria yenye masharti mazito, hata kwa miaka kama kumi hakikufungwa kituo kikubwa hata kimoja. Kila mbunge alilinda cha kwake, maana wapishi, mafundi na wenye maduka wa pale ndio wapiga kura wake.

Dawa ikapatikana mwaka 1988, ikaboreshwa kwa sheria ya mwaka 1990: Wizara ya Ulinzi itoe orodha, tume ya kujitegemea iichambue hadharani, kisha Rais na Bunge waipokee nzima au waikatae nzima. Hakuna kuchomoa jina la shemeji. Loring kikaangukia orodha ya mwaka 1991 na kufungwa mwaka 1994.

Mimi naiunga mkono njia hii, wala sisemi haiguswi na siasa. Mwaka 2004 John Thune aligombea useneta South Dakota akiahidi kukiokoa kiwanja cha Ellsworth, chenye ndege za mabomu aina ya B-1. Akashinda. Mei 2005 Wizara ikakitaja Ellsworth kifungwe! Lakini tume ilipozipitia hesabu, ikaona fedha zilizodaiwa kuokolewa hazipo, kwa kuwa ndege na askari wangehamishiwa Texas na kuendelea kulipwa huko huko. Kiwanja kikabaki. Darasa langu la sita lingeliona kosa hilo: ukihamisha mbuzi kutoka zizi hili kwenda lile hujapunguza majani wanayokula.

Hesabu ndipo penye ugonjwa. Gharama za duru hiyo ya mwaka 2005 zilikadiriwa kuwa dola bilioni 21. Wakaguzi wa serikali walipozijumlisha mwaka 2012, zilikuwa zimefika bilioni 35. Faida ya miaka 20, iliyotabiriwa kuwa karibu bilioni 36, ikashuka hadi chini ya bilioni 10.

Tangu hapo Wizara imeomba duru nyingine mara kadhaa, na Bunge limekataa. Wabunge wanazitaja hesabu hizo za mwaka 2005 kama sababu. Mimi naona ni kisingizio. Hesabu mbovu hurekebishwa kwa kuleta wakaguzi mapema, kabla ya kura, na kwa kuuambia mji miaka kadhaa mbele kwamba kiwanja chake kinakwenda. Williams, Arizona, kilifungwa mwaka 1993 na leo ni uwanja wa abiria. Mji unaoachwa ukingoje kwa miaka ishirini kama kiwanja chake kitabaki au la, hauwezi kupanga lolote la namna hiyo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njombe.