Volani ya kuume: Serikali iseme neno moja

Ndugu vijana wa Lubumbashi, wa Kenya, Katuba, Ruashi na Kampemba,

Congo tunaendesha upande wa kuume. Lakini angalieni motoka za muji wetu: nyingi volani yake iko kuume pia, sababu zilitengenezwa kwa barabara za Japani, kule wanaendesha kushoto. Zinashuka bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia, zinaingia kwa Kasumbalesa. Hatuzichukii. Bei yake ndiyo mufuko wetu unaweza.

Ila hatari iko. Shofere mwenye kukaa kuume, akitaka kuipita lori kwenye njia ya Likasi, haoni kinachokuja mpaka atoe motoka katikati. Na taxi-bus, mara nyingi mulango wake uko kushoto: mama mwenye mutoto mugongoni anashukia pale motoka na manseba zinapita mbio.

Serikali inajua. Mara ngapi tumesikia tangazo kwamba volani ya kuume imekatazwa? Na motoka zikaendelea kuingia. Mupakani inapokea ushuru, mujini inatoa plaki, kisha barabarani motoka ile ile inaitwa kosa. Kama ni kosa, mulilipisha ya nini? Kama si kosa, munatusimamisha ya nini?

Wauzaji wa motoka, mafundi wa garaji na mashofere wanahitaji sheria ya kueleweka. Sisi tunaomba hivi:

1. Tarehe moja ya mwisho kwa volani ya kuume, itangazwe miaka mbele, ianzie na taxi-bus. Motoka zilizokwisha kulipiwa zisinyanganywe. Na taxi-bus za volani ya kushoto zipunguziwe ushuru, ili gharama isimurudilie musafiri.

2. Kuna wenye kugeuza volani tayari. Wapewe mafunzo na karatasi, na kazi yao ipimwe mbele motoka haijarudi barabarani. Volani iliyofungwa vibaya inaua, lakini iliyofungwa vizuri ni kazi kwa vijana wengi.

3. Kasumbalesa, bei ya kila taksi ya DGDA, OCC na wengine ibandikwe ukutani na kwenye intaneti, ilipwe benki mara moja.

Kwa mulango ule ule wa Kasumbalesa, malori yanatoa shaba na kobalti yetu. Tarehe 29 Aprili 2022, Congo na Zambia zilitia saini mapatano ya kutengeneza betri za motoka za umeme, na UNILU ina kituo cha utafiti wa betri. Ni vizuri. Lakini inchi isiyokata neno juu ya volani, itajenga kiwanda namna gani?

Wabunge wetu wa jimbo na wa taifa, tunangojea jibu la maandishi, lenye tarehe. Matangazo tumeshiba.