Medianuwai vyuoni: Mgomba wa Kabanga unasubiri nini?

MKONGO wa taifa wa mawasiliano unaoipelekea Burundi intaneti unavuka mpaka katika mji mdogo wa Kabanga, wilayani Ngara. Mwendo mfupi kutoka hapo, mkulima ambaye mgomba wake umeanza kunyauka bado anamsubiri bwana shamba, ambaye kata yake ni kubwa na pikipiki yake pengine haina mafuta.

Teknolojia imefika mlangoni kwa mkulima huyo. Maarifa yanayoweza kupita katika teknolojia hiyo ndiyo hayajafika, na sehemu kubwa ya sababu haiko Ngara bali katika madarasa ya vyuo vikuu vinavyofundisha usanifu wa medianuwai, yaani kazi ya kuunganisha maandishi, picha, sauti, video na vibonzo vinavyotembea.

Tanzania si maskini wa kozi hizo kama ilivyokuwa miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kilichoanzishwa mwaka 2007, kinatoa shahada ya teknolojia ya medianuwai na uhuishaji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule ya uandishi wa habari yenye televisheni na redio za Mlimani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, nacho kina televisheni yake. Kinachokosekana ni daraja kati ya anayejua kuchora na anayejua mgomba.

Tuangalie mgomba wenyewe. Ugonjwa wa mnyauko bakteria, ambao wataalamu wa kilimo nchini huuita pia unyanjano, ulianza kujulikana nchini Ethiopia miaka ya 1960. Uliingia Uganda mwaka 2001 na kuthibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006. Hauna dawa ya kupulizia. Majani hugeuka njano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati, na zikikatwa huonyesha madoa ya kahawia ndani. Shina likikatwa hutoa ute wa rangi ya njano iliyopauka. Wadudu, hasa nyuki na nyigu, hubeba vimelea kutoka ua dume moja hadi jingine, na panga la mwenye shamba hubeba vilivyobaki. Aina za ndizi za pombe kama kayinja ndizo huumia zaidi.

Namna ya kuuzuia ni rahisi kuieleza na ngumu kuifuata. Ua dume linaloning'inia chini ya mkungu livunjwe kwa mti wenye panda, si kwa panga, mara tu kichana cha mwisho kinapotokeza. Panga lipitishwe kwenye moto au lisafishwe kwa Jik kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Zamani mkulima aliambiwa ang'oe shina zima pamoja na machipukizi yake, kazi ya siku nzima iliyowakatisha wengi tamaa. Utafiti wa baadaye katika nchi za Maziwa Makuu ulionyesha kuwa kukata shina linaloumwa peke yake, usawa wa ardhi, na kurudia kila linapotokea jingine, kunapunguza ugonjwa kwa nguvu ndogo zaidi.

Ujumbe huo ni wa matendo na mpangilio wake. Kipeperushi cha maandishi hakiwezi kuonyesha ni wakati gani hasa kichana cha mwisho kimetokeza. Redio inaweza kueleza, na wilayani Ngara Redio Kwizera imekuwa ikiwafikia wasikilizaji tangu mwaka 1995, wakati wa kambi za wakimbizi. Lakini redio haiwezi kuonyesha rangi ya ute. Kibonzo cha dakika mbili kinaweza, tena kinaweza kumwonyesha bakteria akipanda ndani ya shina, jambo ambalo hakuna kamera ya video inayoweza kulipiga picha shambani.

Hapo ndipo ufundishaji wa kiwango cha juu unapopimwa. Kwa kawaida video huwa na picha 24 au 25 kwa kila sekunde. Dakika mbili ni picha 2,880 kwa kiwango cha 24, na hata mchoraji akitumia mchoro mmoja kwa picha mbili, bado ni michoro 1,440. Mwanafunzi anayechora michoro 20 kwa siku atahitaji siku 72. Mwenye ujuzi hafanyi hivyo. Humchora mgomba mara moja, akatenganisha majani, shina na ua kama viungo vya mdoli, kisha akavisogeza. Huo ndio usanifu, na unafundishika hata katika kompyuta za kawaida.

Somo la pili ni uzito wa faili, na mara nyingi hilo ndilo hupewa nafasi ndogo. Video ya picha kali inayotumia megabiti 5 kwa sekunde hufikia megabaiti 75 kwa dakika mbili. Ikibanwa hadi kilobiti 300 kwa sekunde, inashuka hadi megabaiti 4.5, zaidi ya mara 16 pungufu. Kwa mtu anayenunua kifurushi cha intaneti cha siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataifungua au ataipita. Lakini kubana kuna gharama yake: rangi zinazokaribiana huchanganyika, na ute wa njano iliyopauka juu ya shina la kijani huweza kutoweka kabisa katika kioo kidogo. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri atauchora ute huo kwa mstari mzito na kuusogeza, ili jicho liuone hata rangi ikipotea.

Wenye kitochi kisichoingia intaneti hawajaachwa nje. Vijana wa vibanda vya simu huweka nyimbo na filamu katika kadi za kumbukumbu kwa malipo kidogo, na mabanda ya video yamekuwa shule ya Watanzania wengi. Aliyewahi kumsikiliza Lufufu akizitafsiri filamu za Kichina kwa Kiswahili anajua kuwa watu hukaa saa nzima wakifuatilia picha ya kigeni ilimradi sauti ni ya kwao. Kwa wilaya ambako Kihangaza na Kishubi ndizo lugha za nyumbani, sauti inayoweza kubadilishwa bila kugusa picha ni uamuzi wa usanifu unaofanywa mwanzoni, si nyongeza ya mwishoni.

Mfano wa utaratibu huo upo. Mpango wa kisayansi wa vibonzo ujulikanao kama SAWBO, ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani mwaka 2011, hutoa vibonzo vifupi vya kilimo na afya vyenye picha zilezile na sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Hapa nyumbani, kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2013, imethibitisha kuwa katuni za Kiswahili za kufundisha zinaweza kutengenezwa nchini na kupendwa nje ya mipaka. Kwa hiyo hoja kwamba Watanzania hawawezi haina mashiko.

Zipo hoja nyingine zenye uzito zaidi. Moja ni mitaala inayofundisha programu badala ya kanuni. Flash, iliyokuwa mali ya Macromedia kabla ya Adobe kuinunua kampuni hiyo mwaka 2005, ilikuwa nguzo ya kozi za vibonzo duniani kwa miaka mingi. Ilipofika Desemba 31, 2020 Adobe iliacha kukihudumia kichezeshi chake. Mhitimu aliyejifunza vitufe tu alibaki na cheti cha kitu kilichokufa. Aliyejifunza muda, mwendo na utunzi wa picha alihamia programu nyingine ndani ya wiki chache.

Suala la bei ya programu nalo hutumiwa kama kisingizio. Blender ni ya bure na msimbo wake uko wazi tangu mwaka 2002. Filamu ya Latvia iitwayo Flow, iliyotengenezwa kwa Blender, ilitwaa tuzo ya Oscar mwaka 2025. Siku hizi zipo pia zana za akili mnemba zinazochora mgomba kwa sekunde chache. Zinapunguza kazi ya mkono, lakini mgomba wa kupendeza wenye ua lililokaa pasipo pake ni hasara tupu kwa mkulima, na wa kuligundua kosa hilo ni mtu aliyewahi kusimama shambani.

Kiini cha tatizo, hata hivyo, ni cha kiuchumi. Nani atalipa? Kampuni ya mbolea au ya viuatilifu ina sababu ya kugharimia video, kwa kuwa mwisho wake ni mauzo. Kinga ya unyanjano ni moto, kijiti na Jik kidogo. Hakuna muuzaji anayenufaika, hivyo soko halitaitengeneza video hiyo hata kama faida yake kwa wilaya nzima ni kubwa. Aidha, mkulima mmoja akiutokomeza ugonjwa shambani mwake na jirani akaacha, nyuki watamrudishia. Faida ni ya wote au si ya yeyote, na mkulima mmoja mmoja hawezi kutarajiwa kuinunua.

Mhitimu naye ana hesabu zake. Amesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, na atatakiwa kuurejesha. Harusi za Dar es Salaam hulipa. Matangazo ya simu hulipa. Mradi wa nikeli wa Kabanga, uliopewa leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2021, ukifikia uchimbaji utahitaji michoro ya mgodi na video za usalama, na utalipa kuliko halmashauri. Kumlaumu kijana kwa kufuata fedha ni kupoteza muda.

Njia iliyo karibu zaidi ni mafunzo kwa vitendo. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vikuu hutumia wiki kadhaa za likizo ndefu nje ya chuo, na Bodi ya Mikopo huwakopesha wanaostahili fedha za shughuli hiyo. Gharama hiyo tayari ipo. Wanafunzi wa medianuwai huvutiwa zaidi na vituo vya televisheni vya mijini, ambako wengi huishia kubeba nyaya. Wakipelekwa wanne Ngara, wawili wa medianuwai na wawili wa ugani kutoka SUA, kinachoongezeka ni nauli na posho ya msimamizi. Halmashauri ikitoa chumba na ofisa ugani wa kuwatambulisha vijijini, mradi umeanza.

Lakini alama zitolewe wapi? Hapa ndipo wahadhiri wengi watapinga. Kibonzo kilichozoea kusahihishwa na jopo ukumbini kitapaswa kusahihishwa na shamba: wakulima 20 wakitazame, kisha kila mmoja apewe mgomba na aonyeshe ua linavunjwa wapi, na lini. Wakikosea 15, kibonzo kimeanguka hata kama rangi zake zinang'aa. Maofisa ugani husimulia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa kwenye pazia la sinema wakashukuru kwamba kwao mbu wa ukubwa huo hawapo. Kiwe cha kweli au cha kutunga, kinaeleza kwa nini bakteria wa katuni mwenye meno anaweza kumpoteza mtazamaji.

Mhadhiri naye hupandishwa cheo kwa makala za kitaaluma, si kwa mgomba uliopona. Vyuo vikitaka kazi hii ifanyike, jaribio la shambani lihesabiwe kama utafiti, jambo linalowezekana kwa kuwa takwimu zake zinapimika. Ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Kagera, chini ya mradi wa HEET uliopata dola milioni 425 za Benki ya Dunia mwaka 2021, unaipa hoja hiyo nafasi, kwani wahadhiri watakaokaa Bukoba watakuwa karibu na Ngara kuliko wa Mlimani. Umeme nao umesogea: maporomoko ya Rusumo, wilayani humohumo, yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi.

Kuna kikwazo kimoja cha kalenda kinachohitaji kutatuliwa mapema. Likizo ndefu ya vyuo huangukia Julai hadi Septemba, kiangazi cha Ngara, wakati unyanjano hupungua. Ugonjwa hupamba moto mvua zinaponyesha na maua kuwa mengi, wanafunzi wakiwa wamesharudi darasani. Kundi litakalochora Agosti litalazimika kutuma angalau mwanafunzi mmoja Kabanga mwezi Novemba, akiwa na kibonzo katika kadi ya kumbukumbu, kukijaribu mbele ya mgomba unaotoa ute.