Rugaruga au Walinzi wa Mfalme? Suala la Istilahi ya Uwanda wa Kati

Katika filamu ya Kimarekani ya mwaka 1983 iitwayo Return of the Jedi, mtawala wa dola la nyota huonekana akiwa na walinzi waliovaa majoho mekundu na kofia zinazoficha nyuso zao. Watafsiri wa Kiswahili, iwe katika vibanda vya video au katika mazoezi ya darasani, aghalabu hutosheka na kuwaita "walinzi wa mfalme". Kisarufi tafsiri hiyo ni sahihi, kimaana imepwaya.

Neno mlinzi limefinywa na matumizi ya mjini. Msikilizaji wa leo hupata taswira ya mtu aliyeketi langoni usiku, rungu na tochi mkononi. Askari, neno la asili ya Kiarabu, limekwishahamia kwa serikali na mshahara wake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalobeba dhana ya vijana waliotengwa na jamaa zao, wakavikwa rangi moja na kufungwa na utii kwa mtu mmoja. Uwanda wa kati wa Tanzania unalo neno la dhana hiyo, nalo ni rugaruga.

Mirambo wa Unyamwezi, ambaye vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe vilianza mwaka 1871, na Nyungu ya Mawe wa Ukimbu, magharibi ya Ugogo, walizijenga himaya zao kwa nguvu za rugaruga. (Jina la huyu wa pili, yaani chungu cha mawe, chungu kisichovunjika, lingestahili makala yake.) Wote wawili walifariki mwaka 1884. Miongoni mwa rugaruga walikuwamo wapagazi waliotoroka misafara, mateka wa vita, na vijana wasio na mke wala shamba. Walivaa vitambaa vyekundu na manyoya ya ndege, wakajipamba kwa pembe za ndovu. Kitambaa hicho chekundu, kilichoitwa bendera, kilikuwa bidhaa ya misafara kama zilivyokuwa merikani na kaniki. Hivyo vazi lenyewe lilitangaza kwamba bwana wao ana mkono katika njia ya biashara.

Pingamizi lipo, na ni zito. Katika masimulizi ya wengi rugaruga ni mnyang'anyi na mchoma vijiji. Wajerumani nao walilitumia jina hilo kwa wapiganaji wao wa msaada wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, na katika vita vya 1914 hadi 1918, likazidi kujitenga na mtemi. Kwa Wagogo, ambao watemi wao walitegemea zaidi mawe ya mvua na hongo iliyotozwa misafara, hilo ni jina la jirani mkali.

Hata hivyo, pingamizi hilo linachukulia kwamba istilahi inayofaa sharti iwe na sifa njema. Walinzi wa filamu ile hawapendwi na mtu. Wanaogopwa, na hofu hiyo ndiyo kazi yao. Neno lisilo na kumbukumbu ya hofu haliwezi kuwatafsiri. Tofauti inayobaki ni ya uso: mlinzi wa filamu huficha wake, ilhali rugaruga alijipamba ili aonekane na kutambuliwa kutoka mbali.

Kimofolojia neno halina matata. Halibadiliki katika wingi, na hufuata upatanisho wa viumbe hai: rugaruga amefika, rugaruga wamefika. Urugaruga laweza kutaja taasisi yenyewe. Tena likikubaliwa, litalivuta neno mtemi lichukue nafasi ya mfalme, neno ambalo wengi hulihusisha na kutema, yaani kukata msitu au kukata shauri.

Mwalimu wa tafsiri aliyeko Dodoma anaweza kulijaribu darasani: "rugaruga wa mtemi mkuu". Yamkini mwanafunzi kutoka Manyoni hatahitaji tanbihi. Wa pwani atahitaji, naye aandikiwe.